Shemeji Aliyeziba Kijito

Uvumilivu uliniisha asubuhi niliyomkuta kambale jikoni kwangu. Mzima, anajigeuzageuza katikati ya mafiga, maji yamenifika kwenye vifundo vya miguu, na mwanangu kakaa juu ya meza anampigia makofi. Nilimtandika samaki mwiko, nikamtupa kwenye sufuria, nikambeba mtoto mgongoni, nikatoka.

Mhusika nilimjua. Mdogo wake mume wangu alikuwa ameziba kijito kinachopita nyuma ya nyumba zetu hapa Kivukoni, kwa matete, udongo na viroba vya mchanga. Katikati kaacha mlango, na mlangoni katega migono, ile mitego ya kusuka ambayo samaki akishaingia hatoki. Ukuta ulikuwa imara, sisemi uongo. Ila maji yaliyokosa njia yalihamia kwangu.

"Bomoa," nikamwambia nilipomkuta kijitoni.

"Shem, si wewe uliyekuwa unalilia samaki? Nimekuletea mpaka jikoni, bado unanuna!"

"Bomoa, mvivu wewe. Wenzako wanavua mtoni, wewe unavua kwenye mafiga yangu."

Majirani waliokuwepo walicheka mpaka wakashika magoti. Huo ndio ubaya wa shemeji: ni mtani wako, ukimkasirikia kweli utaambiwa hukufundwa.

"Wiki ijayo, mke wangu," akasema.

Wiki ijayo! Kila mwaka, mvua zikikatika, mimi na wifi zangu tunaingia na vikapu kwenye bwawa la nyuma ya mashamba ya mpunga. Tunajipanga mstari, tunavuruga tope kwa miguu, tunaimba, tunaangukiana, tunarudi tumepakaa matope mpaka masikioni. Hakuna siku ninayoipenda kama hiyo. Mwaka jana nilikuwa na mimba kubwa, wakaniacha nyumbani nikisikia vicheko vyao kwa mbali. Mwaka huu tulishakubaliana iwe Jumamosi. Lakini maji ya bwawa hutoka kwa kupitia kijito hichohicho. Kikizibwa, bwawa halipungui, linabaki la kifuani, na vikapu havigusi chini.

Nikaenda moja kwa moja ofisi ya mtaa, khanga inachuruzika.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mwanangu, kesi ya shemeji unaileta ofisini?" Mwenyekiti alijikaza asicheke, akashindwa.

"Utani tumeuacha nyumbani, mzee. Huku nimeleta maji."

Akavuta karatasi. Nikamwambia aandike kama ninavyosema, asinipambie:

"Nalalamika rasmi kwamba shemeji yangu ameziba kijito. Jikoni kwangu hapapikiki, na bwawa la wanawake halipungui. Naomba aamriwe kufungua leo, kabla jua halijazama. Akishindwa peke yake, mimi na wifi zangu tutakuja na majembe. Samaki walio kwenye migono ni wake, simwonei. Ila kwa usumbufu alionipa, Jumamosi sisi tukiwa bwawani, yeye ndiye atakayebaki na watoto. Wote."