Matembezi ya Bonge

Kaka yangu mkubwa ni fundi cherehani, na mtaa mzima unamwita Bonge, hata watoto anaowashonea sare. Jina hilo halimsumbui. Ukimwambia afanye mazoezi, anakuonyesha pedali ya cherehani yake na kukwambia kwamba yeye anaendesha baiskeli kutwa nzima, ila tu ya kwake haina safari. Watu wanacheka, na yeye anacheka, tumbo likimtikisika juu ya meza ya kukatia nguo. Mimi pia nilikuwa nacheka, mpaka figo za mdogo wetu zilipogoma.

Mdogo wetu, kitindamimba, alikuwa akijifunza kazi kwa Bonge pale dukani kabla ya kuugua. Sasa akawa mtu wa kulala kando ya mashine ya kusafisha damu. Anatoka hapo hana nguvu hata ya kuinua kikombe, anapumzika kidogo, anarudi tena. Daktari alitaka ndugu wa kumpa figo. Niliyejitokeza kwanza ni mimi, nikarudishwa. Damu yangu haikuoana na yake. Jambo hilo lilinikata maini, maana mimi ni msoma mita za maji, nazunguka na baiskeli mtaa kwa mtaa, na jioni naruka kamba. Mwili nilikuwa nao, ila haukutakiwa. Aliyetakiwa ni Bonge. Na Bonge aliambiwa wazi kwamba kwa uzito ule na presha ile hakuna atakayempasua. Apungue kwanza, ndipo apimwe upya.

Basi kazi hiyo nikaibeba mimi. Kila asubuhi nilikuwa mlangoni kwake. Yeye anatembea, mimi napiga pedali polepole kando yake, nikimsukuma kwa maneno, mengine matamu, mengi machungu. Alilalamika magoti, nikamfundisha kunyoosha viungo. Alilalamika mgongo, nikamfundisha kuchuchumaa na kusimama huku ameshikilia kiti. Wifi yangu, yaani mkewe, akaondoa sukari mezani. Tukifika njia panda ya soko nilikata kona kwenda kazini, naye aliniahidi kwamba atauzunguka uwanja wa mpira kabla ya kufungua duka.

Haukupita muda, matunda yakaanza kuonekana. Suruali zikampwaya. Alikuwa anasimama mbele yetu, anavuta kiuno cha suruali kwa kidole gumba, na nafasi iliyobaki ingeweza kupitisha ngumi. Wifi alishangilia. Mimi nilimtangazia kila niliyemsomea mita. Hospitalini nilimwambia kitindamimba kwamba kaka yake anayeyuka; akatabasamu, kisha akageuzia uso dirishani. Nilidhani furaha imemzidi.

Ikabaki siku moja tu Bonge apimwe. Mchana huo nilipita kwa wifi, mvua ikatishia, nikatoka nje kumsaidia kuanua nguo. Suruali ya Bonge ilikuwa kambani imegeuzwa, upande wa ndani ukiwa nje, na macho yangu yakaangukia mshono wa nyuma, pale kiunoni. Fundi mzuri huacha akiba ya kitambaa hapo, ili mwenye nguo akinenepa ipanuliwe. Akiba yote ilikuwa imefunguliwa. Nikaigeuza suruali. Ule ukanda uliokuwa umefichwa ndani haukupauka kama kitambaa kingine, na uzi ulikuwa mpya. Nikaivuta suruali ya pili, hali ni ileile. Ndipo nikaelewa kwa nini siku hizi alikuwa hachomekei shati.

Damu ilinichemka. Wifi sikumwambia kitu. Niliisokomeza suruali moja kwenye mkoba wa kazini, nikaenda dukani mbio. Bonge alikuwa anashona. Nikaitandaza juu ya nguo ya mteja, mshono ukimtazama. Mguu wake ukasimama kwenye pedali.

Nilimwita kila jina lililonijia mdomoni. Nilimwambia mtoto wa mama yetu anakufa huku yeye anatupiga chenga kwa sindano na uzi. Hakujitetea. Alikiri kwamba nikishakata kona yeye uwanjani haendi. Anakaa kwenye benchi nyuma ya duka la mikate, anakula, anasubiri muda upite. Kesho mizani ingemkataa, na sisi sote tungesema maskini, alijitahidi.

"Siyo uvivu, mdogo wangu," akasema. "Naogopa kisu. Kila nikitembea naona naisogelea ile meza yao. Nikipungua watanipasua, na mimi sitaki kufa."

"Kwa nini hukusema?"

"Mtu anasemaje neno kama hilo mbele ya ndugu zake?"

Nikamwambia aende akamwambie mwenyewe mgonjwa, leo hii, kwa mdomo wake. Akafunga duka. Alitangulia kwa miguu, mimi nyuma nakokota baiskeli. Nilijiona kana kwamba mimi ndiye niliyeshona ule uongo.

Mizani ya hospitali iko nje ya mlango wa chumba chenye mashine. Bonge alivua viatu, akapanda, akamwomba muuguzi asome kwa sauti. Muuguzi akasoma. Alikuwa ameongezeka. Mlango ulikuwa wazi, na kitindamimba alikuwa amelala palepale, mirija ya damu mkononi, akisikia kila kitu.

Bonge akaingia pekupeku. "Mdogo wangu, zile suruali..."

"Najua, kaka," kitindamimba akamkatiza. "Kupanua kiuno si wewe uliyenifundisha? Uliinama kuniokotea kikombe, shati likapanda, nikauona mshono."

Nilimuuliza kwa nini alinyamaza siku zote hizo, na nilimuuliza kwa ukali asiostahili. Akasema aliona kaka yake anaogopa, na yeye kuogopa anakujua. Kisha figo ya mtu, akasema, huwezi kuidai kama unadai kiti chako kwenye basi. Alikuwa anangoja Bonge aje mwenyewe, ama kwa ndiyo ama kwa hapana.

Bonge alikaa ukingoni mwa kitanda, akalia bila kujificha. Alipotulia akasema hofu bado anayo na pengine haitaisha, lakini figo atatoa. Tatizo ni kesho: daktari atamrudisha, aanze kupungua upya, na kupungua kwenyewe siyo kazi ya wiki moja.

"Utaweza kuningoja?" akauliza.

Kitindamimba aliitazama damu yake ikizunguka kwenye ile mashine.

"Sijui," akasema. "Ila kwa kukaa hapo hupungui, kaka."

Bonge akajifuta uso, akainuka kwenda kuvaa viatu vyake.