Siku Degedege ya Rehema Ilipokoma

Kabla Rehema hajazaliwa nilikuwa na raha, kwa kadiri mtu wa wasiwasi kama mimi anavyoweza kuwa nayo. Nilikuwa nimemaliza chuo kikuu, nangoja kupangiwa kazi, tukiishi Temeke mimi na mume wangu kwa mama yake. Nilipokuwa mjamzito niliwaza kila baya linaloweza kumpata mtoto. Hili sikuliwaza.

Hata arobaini haijatimia, Rehema alianza kukakamaa. Macho yaligeuka juu, midomo ikawa ya bluu, mguu mmoja ukirukaruka. Akitulia kidogo, anaanza tena. Mama mkwe alimfukiza kwa kinyesi cha tembo, akanionya: "Mtoto wa degedege hapigwi sindano. Ukimchoma umemuua." Temeke nzima inaamini hivyo, na mimi na shahada yangu niliamini. Kila hospitali niliomba dawa ya kunywa tu. Akinyweshwa alilala kama gunia, na usingizini mguu bado uliruka.

Mwishowe daktari mmoja wa watoto, mama wa makamo, alimtazama kwa muda mrefu.

"Hii si ya homa," alisema. "Wapo watoto wachache ambao miili yao inataka vitamini B6 nyingi kuliko yetu. Nataka nimchome hiyo, tuone."

"Na kama si mmoja wao?"

"Haitamsaidia, tutatafuta nyingine."

"Anaweza kuacha kupumua?"

"Anaweza. Ndiyo maana sibanduki hapa."

Nikikataa akafa? Nikikubali akafa? Nilimgeukia mama mkwe, tuliyekuja naye. "Mama, nifanyeje?"

"Unaniuliza mie? Si wewe uliyesoma!" Machozi yalimtoka. Kisha akaja, akamshika Rehema miguu. "Haya, mchome. Ila nitaomba kwa sauti, daktari, usinikataze."

Sindano iliingia. Mguu ukapunguza kuruka, ukatulia kabisa.

"Amekufa?" niliuliza.

"Amelala."

"Una hakika?"

"Mama Rehema, maiti haikojoi. Litazame koti langu lilivyolowa!"

Mama mkwe alipiga kigelegele. Nesi akaja mbio kumkemea. Alipoambiwa kisa, akapiga chake.

Sasa Rehema anakunywa vidonge kila siku, na atakunywa maisha yake yote. Alichelewa kukaa, akachelewa kutembea, na maneno yake bado ni machache. Lakini degedege haijarudi. Majirani huja: "Mama Rehema, tugawie na sie." Nawakatalia. Vidonge hivi vinaufaa mwili wake. Mwanao huenda anahitaji kingine. Mpeleke kwa daktari, mweleze kila ulichokiona, na dawa moja ikishindwa usikae nyumbani ukingoja. Wala usiikatae sindano kwa sababu ya maneno ya mtaani, kama nilivyofanya mimi.

Namshukuru Mungu na yule daktari. Wiki hii Rehema amepata neno jipya. Kila asubuhi akiona kidonge anafumba kinywa, kisha anasema, "Sitaki!"

"Sema tena, mke mwenzangu," bibi yake anamwambia, "nisikie vizuri!"

Naye anasema tena, kwa nguvu zaidi, na kinywa kikishafunguka hivyo, mimi natia kidonge.