Mheshimiwa Balozi na Vita vya Koki

Inatangazwa kwa wafalme, masultani, marais wa miaka mitano na marais wa mpaka kaburini, kwamba Vita vya Ghuba, tawi la Ibra, Omani, vilivyozuka mwaka 1990 juu ya koki moja ya maji, vilimalizwa bila risasi wala azimio la Umoja wa Mataifa na Mheshimiwa Balozi Hood bin Suud, mwanadiplomasia mstaafu, mtunza stoo ya matairi ya baladia, yaani manispaa. Wenye nia ya kumvisha nishani wampitie stoo kabla ya saa nane mchana. Baada ya hapo amelala.

Hood alizaliwa Tabora, akaoa, akazeekea nusu huko huko, na Kiarabu alikikuta Omani kikimngoja kama mkwe mwenye kinyongo. Tabora alikuwa balozi kweli, lakini balozi wa nyumba kumi. Aliyekaa bara hahitaji kuelezwa. Huyu ndiye mtu anayegongewa mlango mbuzi wa fulani akila godoro la fulani, anayejua mgeni gani kafikia kwa nani, anayekalishwa kitako kusikiliza wake wenza wanaogombea kamba ya kuanikia. Cheo hakina gari wala mshahara. Kina lawama, tena za bure.

Walipohamia Ibra, mkewe Bimdogo, mtoto wa mjini Unguja ambaye hajapata kuwa mdogo ila kwa jina, alialikwa kahawa ya asubuhi na majirani. Wakamwuliza, mumeo alikuwa nani huko Afrika?

"Alikuwa balozi," akajibu, na hakusema uwongo.

Shida ni kuwa Kiarabu cha Bimdogo kilikuwa cha kuswalia tu. Aliyefasiri ni binti yao Dalal, wakati huo yuko darasa la tatu, Kiarabu keshakiokota skuli. Mtoto akaitafuta "balozi" kichwani mwake, akapata tafsiri moja, ya balozi wa dola.

"Kaan safir," akasema.

Kahawa ikamwagika. Haijafika adhuhuri, Hood akipita sokoni, muuza halwa alisimama akamwita Saadat-as-Safir, yaani Mheshimiwa Balozi, akamwongezea na kipande. Hood alijaribu kusahihisha. "Ana safir saghir," aliwaambia wazee kwenye sabla, baraza la wanaume wa mtaa, mimi balozi mdogo. Wazee wakatazamana wakatikisa vichwa: mashallah, mtu mkubwa, tena mnyenyekevu! Kila alipojishusha wakampandisha, mpaka akachoka akanyamaza. Na ukimya, kama mjuavyo, ndio sifa ya kwanza ya mwanadiplomasia.

Miaka ikapita hivyo, halwa ikiongezwa, mpaka Iraq ikaingia Kuwait.

Waarabu wakagawanyika, na mgawanyiko ulipofika Ibra uliingia katika nyumba ya ghorofa moja nyuma ya skuli ya wasichana. Juu alikaa Abla, yaani Bi Mwalimu, Kawthar, Mmisri, wa hesabu. Chini alikaa Abla Ibtisam, Mjordan, mwalimu wa fizikia. Walikuwa wakila sahani moja. Misri ilipopeleka majeshi na Jordan ikakataa, kila mmoja akachukua sahani yake. Redio ya juu ikanguruma Cairo, redio ya chini ikajibu Amman. Hatimaye Abla Kawthar akatumia silaha nzito. Tangi la maji lilikuwa juu ya paa, na koki ya bomba linaloteremka chini ilikuwa kwenye baraza yake. Akaifunga.

Abla Ibtisam hakupiga kelele. Pampu ya kupandisha maji paani swichi yake ilikuwa mlangoni kwake. Akaizima.

Ikawa wa chini hana maji na wa juu hana maji, wote wawili wakabeba ndoo kutoka skuli, kila mmoja kashinda. Halafu kila mmoja akaapa kuwa muhula ukiisha anaomba uhamisho, nchi hii ibaki na mwenzake.

Hapo ndipo lilipomfika Dalal. Sasa alikuwa msichana wa mwaka wa mwisho, mtihani wa kwenda chuo kikuu uko mbele yake, na hapakuwa na mwalimu mwengine wa kukubali kuletwa Ibra katikati ya mwaka. Mudira, mwalimu mkuu wa skuli, Bibi Hamda, akaja nyumbani jioni kavaa uso wa msiba.

"Saadat-as-Safir," alisema, "wewe umekaa na madola. Hawa wanawake wawili watakushinda?"

"Mwambie mimi sikuwa balozi wa namna hiyo," Hood akamwambia bintiye.

Dalal akamgeukia mudira. "Baba anasema migogoro ya namna hii si migeni kwake, na atakwenda kesho."

"Mbona umesema maneno mengi?"

"Kiarabu, baba. Kirefu."

Mudira alipoondoka, Dalal akakaa miguuni pa baba yake. "Baba, wakenda zao hawa, hesabu sina, fizikia sina, chuo sina. Nitakuja stoo tuhesabu matairi sote."

Hood akamtazama. "Wewe ndiye uliyenipa ubalozi kwa ulimi wako."

"Basi nami nimekuja na shida, balozi. Si ndiyo kazi yako?"

Hood akainuka kuutafuta mkeka. Balozi wa nyumba kumi hamfukuzi mwenye shida.

Kesho yake baada ya alasiri msafara ukaondoka: Hood na mkeka, Bimdogo na chupa ya kahawa na mkate wa kumimina, Dalal na ulimi wake. Wakatandika uani, baina ya ngazi na mlango wa chini. Abla Kawthar akasimama ngazini. Abla Ibtisam akasimama kizingitini. Heshima ya cheo iliwatoa nje. Kuteremka au kusogea, hata.

Hood akakohoa. "Waambie, Tabora palikuwa na mbuzi."

"Baba anasema," Dalal akaanza kwa Kiarabu cha taarifa ya habari, "katika utumishi wake palizuka mgogoro wa rasilimali."

"Mbuzi wa Masanja akavuka ua wa minyaa, akala godoro la Mama Kuruthum."

"Rasilimali hiyo ikavuka mpaka wa kimataifa, ikaharibu... miundombinu ya malazi."

Abla Kawthar akaguna kwa kuelewa. "Na mliutatua vipi?"

"Anauliza mlifanyaje, baba."

"Tulimla mbuzi."

Dalal akawageukia walimu. "Rasilimali iligawanywa baina ya pande zote."

"Ndivyo hasa!" Abla Ibtisam akapiga kofi. "Waarabu wangegawana, yote haya yangetoka wapi?"

"Iraq itoke kwanza ilikoingia, ndipo mgawane!" Abla Kawthar akafoka kutoka juu.

Vita vikaanza upya, mbuzi akasahauliwa. Hood akafungua chupa. Alikunywa kahawa, akala mkate, akatazama jua. Lilipokaribia kuzama akakunja mikono ya kanzu.

"Waambie naomba maji ya udhu."

Dalal akafasiri, na mara hii hakuongeza neno. Walimu wakanyoosheana vidole.

"Huyo wa chini kazima pampu."

"Huyo wa juu kafunga koki."

"Ya Rabbi!" Bimdogo akapaza sauti, na kwa hili Kiarabu chake cha kuswalia kilimtosha sana. "Mgeni akose maji ya udhu, nyumba ya Waislamu, tena walimu! Magharibi inampita mtu mzima, dhambi shingoni mwa nani?"

Wakatazamana, wa juu na wa chini. Kuhusu Kuwait walikuwa tayari kufa. Kuhusu magharibi ya mzee, hapana. Pampu ikanguruma. Koki ikalia kwii. Maji yakatoka, na Hood akatawadha taratibu kama mtu anayeosha kila kidole kwa zamu na kukiaga.

Alipoondoka wakafunga tena. Kesho yake alasiri akarudi, mkeka kwapani. Hadithi ya mbuzi yule yule, lakini sasa ana ndugu zake. Magharibi, maji ya udhu. Siku iliyofuata Bimdogo akaja na masufuria yake machafu, kwa kuwa maji yatakuwepo. Siku nyingine akaja na furushi la nguo. Walimu hawakuweza kusahihisha madaftari, hawakuweza kulala alasiri, hawakuweza hata kusikiliza redio zao, maana Mheshimiwa alikuwa akiomba zipunguzwe mbuzi asikike.

Ikafika Alhamisi moja, msafara ukakuta ajabu. Walimu wote wawili wamesimama kidato kimoja cha ngazi, bega kwa bega.

"Saadat-as-Safir," alianza Abla Kawthar, "koki itakaa wazi siku zote."

"Na pampu itawashwa," alisema Abla Ibtisam, "na hakuna anayehama."

"Kwa sharti moja."

"Usije tena," wakasema pamoja.

Dalal akafasiri kwa ufupi: "Wanakufukuza, baba."

"Alhamdulillahi." Hood alikuwa keshaanza kukunja mkeka. "Na Tabora walikuwa wakinifukuza hivi hivi. Amani ikija, huwa inamtaka balozi aondoke."

Kuhusu Kuwait hawakukubaliana mpaka vita vikaisha, na baada ya kuisha wakaendelea. Lakini maji yalitoka, hesabu ikafundishwa, fizikia ikafundishwa, na Dalal akachaguliwa chuo kikuu.

Hood akachinja. Wanaume wakajaa sabla, na Sheikh Yaarub, mkubwa wa mtaa, akasimama mbele ya sinia za wali akatoa hotuba iliyopoza nyama. Mabaraza ya ulimwengu, alisema, yameshindwa. Mawaziri wameruka kwa ndege huku na huku, wameshindwa. Mwana wa Ibra, kwa busara ya miaka mingi katika utumishi wa nje, ameweza. Akamgeukia Hood.

"Saadat-as-Safir, umejificha katika unyenyekevu vya kutosha. Leo utuambie, ulikuwa balozi wa dola gani?"

Watu wakaacha kula. Hood akatafuta mfasiri wake kwa macho. Dalal alikuwa upande wa wanawake. Ikambidi atumie Kiarabu chake mwenyewe.

"Nyumba kumi," akasema. "Moja ilianguka kwa masika. Zikabaki tisa."