Nguruwe wa Ukweni

Miaka ile barabara ya lami ya kwenda Zambia ilipokuwa bado mpya, nilikuwa nachoma nyama ya nguruwe Ilomba, kando ya njia, kila Jumapili watu wakitoka kanisani. Rafiki yangu, Msukuma ambaye ukoo wake ulihamia Usangu na ng'ombe wao, akaja kuniomba nimfundishe kazi. Hakutaka biashara. Alikuwa amechumbia binti wa vilimani, juu ya mji, na baba wa binti alisema posa imekaa vizuri, ila siku ya mwisho mkwe awachomee nguruwe kwa mikono yake, waone kama chakula chao anakiheshimu.

"Nguruwe si ng'ombe mfupi tu?" akaniuliza.

"Ndugu yangu, ukianza hivyo utakufa kapera."

Tulianza na moto. Kwao Ubaruku, huko Usangu, nyama waliitupa kwenye miali. Ikibabuka nje wanakula, ndani bado inatoa damu. Nikamwambia nguruwe haliwi hivyo. Ngoja miali ife, kaa livae jivu jeupe, ndipo uweke nyama, minofu minene pembeni kwenye joto la taratibu. Usiamini rangi ya nje. Hayo ni maneno ya muuza ng'ombe mnadani. Chana penye mfupa. Maji yakitoka mekundu, rudisha motoni. Ubao wa nyama mbichi usiguse iliyoiva, na kisu kioshwe kwa maji ya moto na sabuni. Alishika upesi, ila kisu alikifutia kwenye suruali mpaka nilipomwambia suruali nayo tutaichoma.

Mimi nikinunua nguruwe humfungua mdomo kwa kijiti nikaangalia chini ya ulimi kama kuna vidude vyeupe, mara mbili, ndipo naanza kubishana bei. Mchomaji jirani yangu hakuangalia, akauziwa nguruwe mbovu. Nikampeleka rafiki yangu akaone: vidude vyeupe vimelala ndani ya mnofu kama punje za mchele. "Huu ndio tunauita mchele. Ukiuona, usimpe mtu," nikasema. Akatikisa kichwa kwa uzito, kama mtu anayekula kiapo.

Siku ilipofika tulipanda kilimani wote wawili, maana mshenga nilikuwa mimi. Tulikuta wenyeji wameshachinja. Ulimi sikuwahi kuuona. Moto tuliukoka vizuri, watu wamekaa kwenye mikeka na mabenchi, mama wa binti anapita na beseni la ndizi. Nguruwe alikuwa wake. Alimlisha pumba tangu akiwa kitoto. Rafiki yangu akapasua bega.

Niliziona punje wakati uleule alipoziona yeye.

Kwao, ng'ombe akichinjwa wanaume husimama kumzunguka, na anayeona ini limeharibika husema palepale, kwa sauti. Anayenyamaza ndiye mwenye kosa. Huku vilimani neno kama hilo hupitia kwa mshenga, nyuma ya banda, kwa kunong'ona. Maana huku kila mtu anajua nguruwe huzipata punje zile kwa kula kinyesi cha watu. Kumwambia mwenye nyumba nguruwe wako ana mchele ni kumwambia huna choo. Nilikuwa ndiyo kwanza napanga maneno.

"Baba! Nyama hii haifai! Ina mchele!"

Mama akaweka beseni chini. Watu wakaanza kuangalia miguu yao.

"Mshenga," baba wa binti akaita.

"Naam, baba."

"Mpeleke mwenzako akaone choo changu."

"Baba, hakuna aliyetaja choo."

"Kumbe ametaja nini?"

Tukaenda. Kilikuwa choo cha maana, kimeezekwa vizuri, kina mlango wa mbao na kopo la jivu. Rafiki yangu, ambaye sasa ndipo alikumbuka kunong'ona, akaniuliza, "Tumekuja kuangalia nini?" Nikamweleza. Akaketi kwenye gogo, mikono bado ina mafuta.

Tuliporudi nilijaribu kila njia ninayoijua. Nikasema tutaleta mbuzi. Nikasema nguruwe huzurura, huokota makosa ya majirani. Mzee alinisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu, kisha akasema, "Haya, wasalimieni nyumbani." Binti alikuwa mlangoni mwa jiko. Hakutoka.

Njiani rafiki yangu aliniuliza, "Ningewapa wale?"

"Hapana."

"Ningekula mimi?"

"Hapana."

"Sasa?"

Nikatangulia kuteremka. Alirudi Usangu, na kwenye meko yangu hakuonekana tena.

Miaka kadhaa baadaye nilikuwa Ipogolo, basi limesimama kabla ya kupanda Iringa mjini, nikasikia, "Shikamoo, mshenga." Ni yule binti, ana mtoto mgongoni. Alikuwa ameolewa huko.

"Yule nguruwe hatukumla," akasema. "Mlipoteremka tu, baba alichimba shimo mwenyewe, akamfukia. Halafu kila asubuhi akawa anakaa nje anaangalia njia."

"Anangoja nini?"

"Anawangoja nyinyi. Alisema mshenga gani huyu, anaambiwa kwaheri, anakwenda kweli."

Nilisimama pale na vifurushi vyangu. Maisha yangu yote nimeondoka mbele ya wauzaji nikijifanya sitaki, huku sikio liko nyuma, nangoja kuitwa. Na mimi nimewaita wengi waliokwisha kunipa mgongo. Mzee yule alikuwa amenitajia bei ya kwanza, nami nikaichukua kama ilivyo, nikateremka nayo mpaka Ilomba.

"Mwenzako alioa?" binti akauliza.

"Nasikia bado."

Akaikaza kanga mgongoni, akamtikisa mtoto kidogo ingawa mtoto alikuwa amelala. Kondakta akapiga ubavu wa basi.

"Basi usimwambie," akasema, akapanda.