Mpira Mkavu

Ukumbi mzima ulikuwa ukimshangilia Sindano, na dada yake, kwenye kiti cha kocha, alikuwa akishangilia kwa meno tu. Yeye ndiye aliyemfundisha mdogo wake kushika raketi ya mpira wa meza, juu ya meza ya chakula, vitabu vimesimamishwa katikati badala ya wavu. Hata ule mpira wa kuanzisha, unaozunguka kisha kukata kushoto, aliubuni yeye, kabla jeraha la bega halijamwachisha mchezo. Leo magazeti yanauita mpira wa Sindano.

Kijiba cha roho kilimkaa siku nyingi. Alikilea kimyakimya, huku akigundisha raba kwenye raketi za mdogo wake na kumbebea taulo.

Siku hiyo klabu kubwa ya ng'ambo ilikuwa imetuma mtu. Sindano akishinda, anasaini mkataba wa kulipwa. Seti ya mwisho, tisa kwa tisa, zamu ya kuanzisha ni yake, na mpinzani ameshausoma ule mzunguko. Sindano akaomba mapumziko ya dakika moja, akaja anahema.

"Dada, huyu ananila mzimamzima. Nifanyeje?"

Dada mtu akajifuta viganja, ingawa aliyetoka jasho alikuwa mwenzake. Jibu alikuwa nalo. Mkono unazungusha vilevile, ila mpira unaguswa karibu na mpini, unakwenda mkavu, hauzunguki. Mpinzani anadanganyika, anaurudisha juujuu. Mpira huo hakuwahi kumfundisha mtu. Kila chake kilikuwa kimehamia kwa mdogo wake. Kilibaki hiki kimoja.

Mwamuzi akatazama saa.

"Uguse karibu na mpini." Maneno yalimtoka kama jino. "Zungusha kama kawaida. Utaenda mkavu."

Sindano akacheka. "Ule wako? Naujua, dada. Nilikuwa nakuchungulia ukiupiga peke yako, umejifungia."

"Sasa mbona hukuupiga siku zote hizi?"

"Si wako? Nilingoja unipe."

Akarudi mezani. Mkavu wa kwanza, mpinzani akaupaisha, Sindano akaugongelea chini. Wa pili vilevile: kumi na moja kwa tisa, mechi imekwisha. Ukumbi ukalipuka.

Dada mtu akasimama, akapiga makofi kama watu wengine. Alikuwa amejifariji kwamba angalau leo ametoa kitu. Kumbe hata hapo mdogo wake alishamtangulia: alikuwa nacho, akamwachia. Mchezo, jina, na sasa moyo mwema pia.

Akainama, akaanza kukunja taulo.