Nilivyomfukuza Fundi Wangu kwa Kujisifu

Aibu hii naisema mwenyewe kabla hamjaipata kwa mke wangu, ambaye huiongezea chumvi (na wala haihitaji).

Miaka ile ya kwanza ya uhuru mimi, niliyeishia darasa la pili, nilikuwa na boti langu la injini la kutoka Muleba kwenda Bumbire, wenye madigrii wakipanda kwa nauli, ila injini yenyewe aliijua mtu mmoja tu, fundi Musoke, Mganda, na serikali ilikuwa imeamua mgeni asipewe kibali cha kazi kama yupo mwananchi anayeiweza kazi hiyo, basi ofisa wake, tuliyemwita Bwana Vibali, akaja kutoka Bukoba kuuliza kama yupo, na jibu lilikuwa neno moja: hayupo.

Lakini baba mkwe wangu alikuwa pale ufukweni, watu wamejaa, na kwetu Wahaya akija mgeni mkubwa mwanamume husimama akajisifu, ndiyo kwebuga, nami nikashika kasia badala ya mkuki, nikanguruma: "Mimi niliyeifumua injini nikaifunga nimefumba macho! Mimi ambaye ziwa likinisikia hutulia!"

Musoke akaninong'oneza, "Ssebo, nyamaza, unanifukuza!"

Wapi! Nikaongeza sifa mbili.

Bwana Vibali aliandika kila neno. "Kumbe fundi mwananchi tunaye," akasema, akafunga faili. "Musoke arudi kwao. Ta Kamugisha, nivushe Bumbire wewe mwenyewe."

Ningekiri palepale yangeisha, lakini mkwe ananitazama! Nikapanda. Injini ilikuwa bado ya moto, ikawaka kwa mvuto wa kwanza, nikawapungia mkono kama askofu, na tulipofika mbali ikakohoa, ikazima. Nikavuta kamba mpaka ikakatikia mkononi. Nikafungua kifuniko, nikavitazama vilivyomo, navyo vikanitazama.

"Fumba macho basi," akasema Bwana Vibali, maji yakimlowesha viatu.

Musoke alitufuata kwa mtumbwi, akatuvuta hadi nchi kavu, watu wote wakiwa bado wanasubiri. Bwana Vibali akatoa kalamu. "Haya, anza upya. Sauti ileile."

Nikashika kasia. "Mimi nisiyejua kuwasha wala kuzima! Mimi ambaye bila Musoke ni abiria tu!"

Mkwe wangu alishangilia kuliko mwanzo.

Musoke alipata kibali. Nami tangu siku ile sijisifu mbele ya mtu mwenye kalamu. Ila mkwe wangu, kila harusi, ananiomba kwebuga ile ya pili.