Ungo wa Samaki Mbamba Bay

Kisa hiki alinisimulia kwanza shangazi yangu, mwaka ule wanunuzi binafsi wa kahawa walipoanza kufika Mbinga. Mpiga picha wa Dar es Salaam alikuwa amepanga na mume wa shangazi kwa barua, kwa miezi mitatu, kuja kuzamia ziwani wakati wa baridi, awapige picha samaki wanaolinda viota vyao kando ya mwamba mmoja.

Alipofika, mume wa shangazi alimpokea na ungo uliojaa samaki.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Usiingie kwenye baridi ile, baba. Tumekuvulia. Wapige picha hapa juani."

"Wa pale mwambani?"

"Wote. Mke wangu amewapangusa, waonekane vizuri."

Mgeni alikaa mchangani, akajishika kichwa.

"Au alitaka wakubwa zaidi?" mzee akamwuliza mkewe.

Kinachoniudhi ni kwamba barua zote ninazo. Zinataja mitungi ya hewa, nguo ya mpira, hata idadi ya blanketi. Hakuna palipoandikwa kwamba samaki wawe hai.

Mzee amefariki, akiamini kwamba mgeni yule hakuwa na shukrani. Mpiga picha yu hai. Shangazi naye yu hai, na bado anauliza alikosea wapi.